MNAOWAUA WASTAA KWENYE VICHWA VYA HABARI, ACHENI! GOOGLE ILISHAWASHTUKIA TANGU 2009

Leo hapa hakuna ubuyu. Hakuna aliyeachwa, hakuna aliyenunuliwa gari, hakuna picha za bethdei. Leo nawageukia mabloga wenzangu, na nitaongea kwa sauti maana kwa upole tumeshaongea sana na hakuna aliyesikia.

Chukua simu yako sasa hivi, ingia Google, andika jina la msanii yeyote mkubwa wa Bongo Fleva halafu ongeza neno "amefariki". Mara nyingi utakuta kurasa zimejipanga zinakusubiri. Mtu yuko hai, jana alikuwa jukwaani anaruka, ila kwa mabloga wa mjini alishazikwa mara tatu. Unabonyeza moyo unakudunda, unakuta ndani wameandika eti "alifariki kwa kicheko" baada ya kuona komenti ya shabiki. Bando lako la buku limeliwa, presha imepanda, na habari hakuna.

Wengi mnajua kukasirika hapo na kuishia hapo. Mimi nataka leo tuingie jikoni tuone hiki kitu kinapikwaje, kwa sababu kinapikwa makusudi.

KIROBA NA KARATASI YAKE

Kila ukurasa wa intaneti una sehemu mbili. Kuna ile unayoisoma wewe, na kuna ile iliyoandikwa ndani kwenye kodi kwa ajili ya Google, Facebook na WhatsApp. Hii ya pili ndiyo wataalamu wanaita metadata. Ni maelezo kuhusu ukurasa wenyewe: kichwa chake ni nini, unahusu nini, picha yake ni ipi.

Fikiria kiroba cha mchele sokoni. Juu kuna karatasi imeandikwa "Kyela, kilo 25". Wewe huoni punje za ndani, unanunua kwa kuamini karatasi. Metadata ndiyo ile karatasi. Sasa kuna watu wanabandika "Kyela" kwenye kiroba cha chenga, na wanajiita wajanja.

Karatasi hizi ziko za aina nne ambazo bloga yeyote anatakiwa azijue. Ya kwanza ni tegi ya kichwa, yale maandishi makubwa ya bluu unayoyaona kwenye majibu ya Google. Ya pili ni tegi ya maelezo, ile mistari miwili chini ya kichwa. Ya tatu ni tegi ya maneno muhimu, ambayo msomaji haioni kabisa. Ya nne ni tegi za Open Graph, zilizoletwa na Facebook mwaka 2010, ambazo zinaamua ukitupia linki kwenye grupu la WhatsApp itokee picha gani na kichwa gani.

Mimi nimeishia kidato cha nne. Haya yote nimejifunza mwenyewe kwa simu, usiku, wakati bando la usiku limeshuka bei. Kwa hiyo asije mtu akaniambia eti hakujua. Anajua. Ndiyo maana anajaza.

YULE DADA WA FILAMU

Kuna blogu moja kubwa hapa mjini. Jina silitaji, wakisoma watajijua. Walipata habari ya dada mmoja anayechipukia kwenye Bongo Movie. Habari yenyewe nzuri tu: kafungua duka la nguo. Sasa "afungua duka la nguo" kwao haiuzi. Wakaweka kichwa kinachosema VIDEO CHAFU ya fulani YAVUJA, na chini kabisa ya posti wakamwaga majina ya wastaa kama arobaini, wanaume kwa wanawake, wengine hata hawajawahi kukutana na huyo dada.

Ndani ya posti hakukuwa na video. Haikuwahi kuwepo video. Kulikuwa na picha ya dada amesimama mbele ya magauni, anacheka.

Watu wakawasema sana, jamaa wakaingia kimya kimya wakabadilisha kichwa. Wakadhani yameisha. Hayajaisha, na hapa ndipo ujinga wa kutojua metadata unapoumiza watu. Ile blogu iko Blogger, na Blogger inatengeneza anuani ya posti kutokana na kichwa ulichokuwa nacho wakati unachapisha. Ukishachapisha, hata ukibadilisha kichwa mara kumi, anuani inabaki ileile. Kwa hiyo kichwa sasa kinasema duka la nguo, ila anuani bado inasema video chafu. Na blogu ndogo ndogo zilizokopi siku ya kwanza zimebaki na kichwa cha kwanza mpaka leo.

Huyo dada kuna kampuni ilikuwa inaongea naye kuhusu tangazo. Wakafanya kitu ambacho kampuni yoyote inafanya: waliandika jina lake Google. Mazungumzo yakaishia pale. Hakuna aliyemuuliza kama ni kweli. Nani atabonyeza kurasa nane kuhakikisha kwamba video haipo?

Ana mama, jamani. Ana wadogo zake wako shule wana simu. Lile jina mliloliandika ili mpate watembeleaji wa siku mbili, yeye atatembea nalo akiomba kazi, akichumbiwa, akitafuta nyumba ya kupanga. Nyie mlishahamia kwa mwingine.

HALAFU HATA HAIWASAIDII

Sasa nije kwenye kinachonichekesha. Uovu mwingine angalau una faida kwa mwovu. Huu wa kumwaga majina arobaini hauna hata hiyo.

Zamani ilikuwa inafanya kazi. Miaka ya 1990, enzi za AltaVista na Infoseek, injini za kutafuta zilikuwa zinaamini karatasi ya juu ya kiroba. Ukiandika jina la staa kwenye tegi ya maneno muhimu, ilikuwa inakusaidia uonekane. Wajanja wakajaza majina ambayo hayahusiani kabisa na kurasa zao, na ile tegi ikaharibika kabisa. Ikawa haina maana tena.

Septemba 2009 Google ikatangaza hadharani kwamba kwenye kupanga majibu ya utafutaji haitumii tegi ya maneno muhimu. Haitumii hata kidogo. 2009! Wengine mnaosoma hapa mlikuwa chekechea. Na bado mwaka huu kuna mtu anakaa dakika ishirini kubandika majina ya wastaa wote wa Afrika Mashariki kwenye tegi hiyo, anajifuta jasho, anajiona fundi. Kaka, unapigia debe gari ambalo lilishauzwa chuma chakavu.

Utasema, "Basi majina nitayaweka kwenye posti yenyewe, chini kabisa." Hiyo nayo ina jina. Kujaza maneno kwenye ukurasa ili kuidanganya injini kumeandikwa wazi kwenye kanuni za Google kama taka, na ukurasa unaweza kushushwa au kutolewa kabisa. Na wasikudanganye kwamba inawakuta wadogo tu. Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye majibu yake kwa sababu ilikuwa na kurasa za kuipa injini maneno mengi huku mtu wa kawaida akipelekwa kwingine. BMW, wenye magari! Wewe na blogu yako ya templeti ya bure utapona wapi?

"Basi nitadanganya kwenye kichwa." Kichwa kweli kina nguvu, Google inakisoma na kukitumia. Ila tangu Agosti 2021 imebadilisha jinsi inavyoonyesha vichwa. Ikiona kichwa kimejazwa maneno au hakiendani na ukurasa, inaweza kuchukua maandishi mengine kutoka ndani ya ukurasa ikayaweka badala ya chako. Maelezo nayo ni hivyohivyo: hayakupandishi nafasi, kazi yake ni kumshawishi msomaji abonyeze, na Google ikiona hayafai inachukua sentensi yake humohumo ndani. Kwa hiyo unaandika "YAVUJA" kwa herufi kubwa, na siku nyingine Google inaamua kuonyesha "afungua duka la nguo". Unaumbuka bila kujua.

Na zile habari zinazokujia zenyewe kwenye simu, ile Google Discover ambayo kila bloga anaililia? Kanuni zake zinakataza kupotosha au kukuza mambo kwenye kichwa, maelezo na picha ili watu wabonyeze. Mnalia hamtokei Discover huku mnafanya kilekile kilichokatazwa mlangoni.

KUTAJA JINA LA MTU SIYO KOSA, KUMSINGIZIA NDIYO KOSA

Najua kuna atakayekuja kwenye komenti kusema, "Kwa hiyo tusiandike majina ya wastaa? Tutaishije?" Hapana. Majina andika. Ila yaendane na kilichomo. Na jambo hili lilishafika mpaka mahakamani huko Marekani, tena kwa mtu wa burudani.

Kuna mwanamitindo anaitwa Terri Welles. Mwaka 1981 jarida la Playboy lilimchagua kuwa mrembo wao wa mwaka. Baadaye akafungua tovuti yake, na kwenye metadata akaweka maneno kama Playboy. Jarida likamshtaki, likidai anatumia jina lao. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikasema kwenye metadata yuko sawa, kwa sababu maneno yale yanaeleza ukweli juu yake. Alikuwa mrembo wa Playboy kweli, sasa ajieleze kwa maneno gani mengine? Angalia lakini: kule alikokuwa amerudia rudia kifupi cha cheo hicho kama pambo la nyuma ya kurasa, mahakama haikumkingia kifua. Ukweli ulimlinda, kujaza jaza hakukumlinda.

Kabla yake, mwaka 1999, mahakama hiyohiyo ilikuwa na kesi ya kampuni mbili zilizogombea jina la biashara la mambo ya filamu, na mmoja alitaka kulitumia jina la mwenzake kwenye metadata. Majaji wakatoa mfano wa bango la barabarani: unaweka bango lenye jina la duka la mshindani, unawaelekeza watu wachepuke njia isiyo yake, wakifika hawalioni, wanaona lako, na kwa kuchoka wanaingia kwako.

Sisi wa Dar hatuhitaji jaji kutueleza hilo. Ni mpiga debe anayeita "Mbagala! Mbagala!" huku daladala inaenda Gongo la Mboto. Abiria wamejaa, nauli imeshakusanywa, mama na mzigo wake anashtukia yuko Ukonga. Gari lilijaa kweli. Ila kesho yule mama akiliona gari hilo anapanda?

MNATUHARIBIA WOTE

Hili la mwisho ndilo linaniuma kuliko yote, maana linagusa ugali wetu.

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mabloga tukatakiwa leseni. Ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilikuwa inazidi shilingi milioni 2. Mnakumbuka Juni mwaka ule JamiiForums ilivyojizima kwa muda? Vijana wangapi waliokuwa wanaandika kutoka chumba kimoja cha kupanga waliacha, kwa sababu milioni 2 hawajawahi kuishika?

Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Sasa niambie, tukienda tena kuomba tulegezewe, tunakwenda na uso gani? Yule anayetaka kutubana hahitaji utafiti. Anafungua Google, anaandika jina la msanii na neno "amefariki", anasoma kwa sauti ukurasa wa kwanza. Kesi imeisha. Bloga wa mapishi, bloga wa mpira, bloga wa mitindo, sote tunaitwa wazushi kwa ajili ya watu wachache wanaoua watu kwenye tegi.

"LAKINI WATU WANAKUJA"

Najua. Wanakuja. Ukitupa "YAVUJA" kwenye magrupu ya WhatsApp watu watabonyeza, kwa sababu Open Graph itawaonyesha picha na kichwa ulichotaka wewe. Siku ya kwanza elfu tatu, siku ya pili mia nne, siku ya tatu kimya. Lazima utafute maiti mwingine. Hiyo ni kazi ya kibarua, kila asubuhi unaanza sifuri.

Mwenzako aliyeandika ukweli kwa kichwa kilichonyooka, posti yake inatafutwa mwakani. Watu wanaotafuta kwa Kiswahili wanajulikana wanachotaka: wasifu wa fulani, umri wa fulani, mashairi ya wimbo fulani, fulani amezaliwa wapi, bei ya tiketi ya shoo. Maswali hayo hayaishi, na majibu mazuri ya Kiswahili bado ni machache. Pale ndipo penye hela ya polepole.

Kwa anayetaka, fanya hivi, haihitaji kompyuta:

1. Kichwa kiseme nani, kafanya nini, wapi. Jina liwe mwanzoni. Ukivuka herufi kama 60 kwenye majibu ya Google kinaweza kukatwa. Yule dada angeandikwa "Fulani afungua duka la nguo Sinza, aeleza kwa nini amepumzika filamu". Hapo kuna jina, kuna tukio, kuna mahali, na kuna kitu cha kumfanya mtu atake kujua. Hujamzushia mtu.

2. Kwenye Blogger nenda mipangilio uwashe maelezo ya utafutaji. Baada ya hapo kila posti itakuwa na kisanduku chake pembeni. Andika sentensi mbili za Kiswahili cha kawaida zinazosema mtu atakuta nini ndani. Usikopi maelezo ya posti nyingine.

3. Anuani itengeneze mwenyewe KABLA ya kuchapisha. Fupi, bila maneno ya kuaibisha mtu. Ukishachapisha imeshakwenda.

4. Picha ipe maelezo yake pia. "Msanii fulani akiwa dukani kwake" ni bora kuliko ile namba ndefu iliyotoka kwenye kamera, na asiyeona anayesikilizishwa na simu naye atajua kuna nini.

5. Lebo tatu au nne zinatosha. Aliyetajwa ndani awemo. Asiyetajwa mwache na maisha yake.

Na kwa wewe uliyeandikwa uongo, staa au siyo staa: kwanza mtake bloga aiondoe posti nzima, asikubembeleze kwa kubadilisha kichwa tu. Ikishaondolewa, Google wana fomu ya kuomba majibu yaliyopitwa na wakati yasafishwe, na mtu yeyote anaweza kuijaza hata kama tovuti siyo yake. Usipofanya hivyo, maneno ya zamani yanaweza kuendelea kuonekana mpaka Google ipite tena ukurasani. Piga skrinishoti kabla hawajafuta, utaihitaji ukiamua kwenda polisi.

Sasa nyie wenye ile blogu. Najua mmefika mpaka hapa, mmesoma mkitafuta kama nimewataja. Sijawataja. Ile posti ya dada mnayo bado, na anuani bado inasema kile mlichokiandika siku ile. Kuifuta ni kubonyeza mara mbili. Ifuteni leo, kisha muandikieni mwenyewe kwamba mmefuta ili akajaze ile fomu. Msiweke posti ya kuomba radhi yenye jina lake kwenye kichwa, maana nawajua, hata radhi mtaigeuza watembeleaji.

Wadau, uwanja wenu hapo chini. Wewe kichwa gani cha uongo kilishakuliza? Semeni yote, ila linki zao msiziweke kwenye komenti, nitazifuta. Hatuwapelekei abiria.